Mji wa Rhodes: Bahari na Historia Katika Safari Moja
Kwa anayetaka bahari na utamaduni kwa pamoja, mji wa Rhodes nchini Ugiriki unastahili sifa kubwa, hasa Mji Mkongwe wake wenye kuta nene, ambao UNESCO iliuingiza katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1988. Hospitali ya wapiganaji Wakristo wa Shirika la Mtakatifu Yohane, waliotawala kisiwa cha Rhodes, ulipo mji huu, kuanzia 1309 hadi 1522, leo ni makumbusho ya mambo ya kale, na si mbali nayo umesimama msikiti wa Suleiman, sultani wa Waturuki; ujirani huo unanigusa sana. Ufuo wa Elli unafikika kwa miguu, ila ni wa kokoto. Ningependekeza Juni au Septemba, kwa kuwa joto na msongamano wa Agosti huchosha. Mwenye pasipoti ya Tanzania au Kenya aombe mapema viza ya Schengen, yaani viza ya pamoja ya nchi nyingi za Ulaya.