Peugeot 504 stesheni ya kufufuliwa, Malindi: usianzie kwenye boneti

Tangazo ni fupi kama matangazo yote ya namna hii: "Pijo 504 stesheni, petroli, injini nzima, haijaguswa, yataka rangi tu." Gari lenyewe, stesheni, yaani Pijo ndefu yenye mlango mkubwa wa nyuma, liko uani upande wa Casuarina, limeegeshwa ubavuni mwa ukuta wa matumbawe, chini ya mvinje. Katika maneno hayo ya kweli ni mawili: ni 504 stesheni ya petroli, na kweli halijaguswa, yaani halijafumuliwa. Hilo la pili ndilo linalolipa thamani, ingawa mwenyewe amelitaja kama la kupitia tu.

Kwa asiyeijua, 504 ilionyeshwa Paris mwaka 1968, ikawa gari bora la mwaka Ulaya 1969, na huku kwetu ikajijengea jina kwa kushinda Safari Rally 1975 na 1978. Sifa hiyo ya mashindano haimsaidii sana anayeuza stesheni, kwa sababu stesheni ni gari jingine. Kutoka ekseli hadi ekseli ni mita 2.90, saluni ina 2.74. Nyuma kuna ekseli moja nzima inayobebwa na springi nne, mbili kila upande. Ndani kuna safu tatu za viti. Ndiyo Pijo iliyobeba abiria wa safari ndefu kabla ya matatu za Nissan kushika njia. Kenya iliendelea kuunganisha 504 hadi 2004, Ufaransa ilikuwa imeshaziacha zamani, kwa hiyo vipuri na mafundi wazee bado wapo Mombasa. Kuagiza jingine kutoka ng'ambo si rahisi, maana kwa kawaida Kenya hairuhusu kuingiza gari lililopita miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza. Yaliyobaki nchini ndiyo hayo hayo, na wauzaji wameanza kulijua hilo.

Sasa bodi. Mnunuzi akifika uani hukimbilia boneti. Aiache. Apige magoti kwanza, na mkononi awe na tochi, bisibisi butu na sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa. Sumaku isiponasa, hapo hakuna bati, ni fila ya kujazia mashimo.

Chumvi ya Malindi huanzia pale maji yanapolala. Chini ya kioo cha mbele kuna matundu ya kuingizia hewa. Majani ya mvinje, yale membamba kama sindano, yameingia humo, yakaoza na kuwa mboji, yakaziba njia ya kutolea maji. Masika yakipiga, maji hujaa humo, yakafurika nyuma ya dashibodi na kushuka miguuni pa dereva na abiria. Zulia linayashika kama sifongo. Ukilifunua upande wa kushoto unaona mchanga wa rangi ya udongo, na bisibisi linatokea chini bila kusukumwa. Upande wa kulia bati bado linalia ukiligonga. Kosa hili lingezuilika kwa kopo la maji na waya mwembamba mara moja kwa mwezi, na kwa kulihamisha gari kutoka chini ya ule mti.

Vizingiti vya milango ndivyo vibaya zaidi, navyo ndivyo vilivyofichwa. Kuna bati lililochomelewa juu ya bati bovu, pande zote mbili, kisha likapakwa lami nyeusi. Kazi ya namna hiyo hupendeza miezi sita. Kutu ya ndani haina pa kupumulia, unyevu unabaki katikati ya mabati mawili, na lile jipya linaliwa kwa nyuma. Dawa yake ni kukata hadi kwenye chuma kizima, kuweka bati la geji 18 kwenye kizingiti na geji 20 kwenye sakafu, kupaka rangi ya zinki kabla ya kufunga, na mwisho kupuliza nta ndani ya kizingiti kupitia matundu ya chini.

Tahadhari moja hapa, kwa sababu stesheni nyingi zimeharibiwa na fundi wa bodi kuliko zilivyoharibiwa na bahari. Gari hili halina chesi ya kando kama lori. Bodi yenyewe ndiyo uti wa mgongo. Ukikata kizingiti huku gari limeinuliwa kwa jeki mbili za mbele na nyuma, urefu wote ule unalegea katikati na milango haifungi tena hata ukilia. Kabla ya kukata, chomelea mabomba ya chuma ya muda kuvuka kila uwazi wa mlango, weka vigogo chini ya ekseli zote mbili ili uzito ukae pale pale magurudumu yanapoubeba, kata upande mmoja tu, na ujaribu milango kila baada ya hatua. Kwenye gari hili nafasi kati ya mlango wa mbele na wa nyuma iko sawa juu na chini. Maana yake mgongo haujainama, na hii ndiyo habari njema kuliko zote za siku hiyo.

Mahali pengine pa kutazama ni vilele vya shokabsoba za mbele, ndani ya boneti kushoto na kulia. Pakiwa pameoza au pana ufa, ondoka. Kupajenga upya kwa usahihi ni kazi ya wachache na magurudumu hayatasimama wima tena ukikosea milimita chache. Hapa kuna kutu ya juu juu tu, chuma ni kigumu. Mfereji wa paa una nyufa nne, pale pale miguu ya keria ilipobana. Chini ya mlango mkubwa wa nyuma kumeoza kiasi cha kiganja. Kwa jumla mabati mawili ya futi 8 kwa 4 yatatosha, na kipande kitabaki. "Yataka rangi tu" iondolewe kwenye tangazo.

Kuhusu hiyo "injini nzima", kilichothibitika ni kwamba haijakwama: ukitia spana kwenye nati ya puli ya mbele inazunguka. Si haba, ila mgonjwa kupumua si kupona. Ni ile ya petroli ya 1971 cc, bloku ya chuma, hedi (kifuniko cha juu cha injini) ya aluminiamu, na silivu, yaani mabomba ambamo pistoni hupanda na kushuka, zinazozungukwa na maji. Ukifungua kifuniko cha rejeta unakuta tope jekundu. Aliyekuwa akilijaza alitumia maji ya kisima, na visima vingi vya karibu na bahari vina chumvi. Maji hayo hula hedi kuzunguka njia za maji hadi gasketi inakosa pa kukaa, na hula raba zilizo chini ya silivu hadi maji yanashuka kwenye oili. Vuta dipstiki: ikitoka na rangi ya chai ya maziwa, hesabu kufungua injini. Hapa imetoka nyeusi, nzito, bila maji. Hata hivyo maji yaliyolala hutuama chini ya oili, kwa hiyo legeza nati ya kutolea oili polepole uone kinachotangulia kutoka.

Muuzaji anayetaka bei nzuri angeifanya kazi hii ya siku mbili mwenyewe. Toa plagi zote nne, tia kijiko kimoja cha oili katika kila silinda, acha usiku kucha. Asubuhi zungusha kwa mkono mizunguko miwili kamili. Mwaga oili ya zamani, weka mpya, lita 4. Unganisha betri na upige starta bila plagi hadi taa ya oili izime, ndipo urudishe plagi. Petroli itoke kwenye dumu safi lenye mpira na chujio. Tangi la zamani usiliguse, maana petroli iliyokaa hugeuka gundi na hiyo gundi ikifika kwenye karabureta utaifungua mara tatu. Pointi za distributa, kile kigawa moto wa plagi, zisuguliwe kwa msasa laini na kuachwa uwazi wa milimita 0.4, plagi 0.6. Uwazi wa valvu, injini ikiwa baridi: milimita 0.10 za kuingiza, 0.25 za kutoa.

Na hapa ndipo mafundi waliozoea Toyota hupotea. Kwa Peugeot hii, silinda ya kwanza iko upande wa gia boksi. Mpangilio wa moto, yaani zamu ya silinda kuwaka, ni 1-3-4-2. Anayehesabu kutoka kwenye rejeta huku akifuata alama za kitabu ataiweka distributa nusu mzunguko kando. Injini itapiga chafya kwenye karabureta na haitawaka, kisha atashauri hedi ifunguliwe bure.

Ikibidi hedi ifunguliwe kweli, isivutwe juu moja kwa moja. Ikiwa imeganda na gasketi, huinuka pamoja na silivu, na raba za chini zikishatikisika zimekwisha. Hedi ilegezwe kwa kuitikisa kulia na kushoto kwanza. Ikishatoka, silivu zibanwe kwa boliti na washa pana kabla mtu yeyote hajazungusha injini. Mnunuzi akikuta hedi imeshafunguliwa na silivu hazikubanwa, ahesabu gharama ya kushusha silivu zote nne.

Feni ya mbele ina klachi ya umeme inayoishika injini ikipata joto. Katika gari hili imefungwa kwa boliti izunguke daima, kama zilivyo nyingi. Inafanya kazi, inakula nguvu na petroli kidogo, haina haja ya kuzozaniwa.

Breki: usijadili, badilisha. Raba za masta silinda na za magurudumu, mipira yote, maji mapya ya breki. Mtu asiyaongezee oili ya injini kwa dharura, hiyo huzifanya raba zivimbe na breki zikakwama njiani. Magurudumu yamekufa kwa kukaa, hata kama kashata bado zinaonekana. Propela, ule mtaimbo unaopeleka nguvu nyuma, imo ndani ya bomba lililounganishwa na difu, kwa hiyo kubadili klachi ni kazi ndefu kuliko ya pikapu ya kawaida; fundi akikutajia bei ya pikapu, hajaifungua bado.

Linalobaki ni hesabu ya vitu. Vioo vyote vipo, pamoja na kile kikubwa cha nyuma, ambacho ni kigumu kukipata kuliko injini nzima. Taa za mbele zipo zote mbili. Taa ya nyuma ya kulia imevunjika. Viti vya safu ya tatu vipo na vyuma vyake. Ndiyo maana neno "halijaguswa" lina uzito: gari lililofumuliwa, vipande vikagawanywa kwenye magunia, hupoteza thamani kila gunia linapohama. Muuzaji akitaka kusaidia, na afunge kila kilichokatika kwenye mfuko wenye jina lake na kukiweka ndani ya gari. Asilipake rangi. Rangi mpya juu ya kutu humfanya mjuzi akimbie na asiyejua akalipe, kisha arudi na maneno.

Bei na ikokotolewe kwa kurudi nyuma. Chukua bei ya 504 stesheni inayotembea na yenye bodi safi, ile iliyouzwa kweli, usichukue iliyotangazwa. Toa mabati na siku za fundi wa bodi, rangi, seti ya gasketi, breki, magurudumu manne na kubeba gari. Katika kinachobaki toa tena sehemu moja ya tano kwa yale ambayo hayajaonekana. Mchoro wa 504 ni wa Pininfarina wa Turin, na muuzaji wa Malindi hulitaja hilo mapema sana akimwona mnunuzi Mwitaliano. Mchoro haukuzuia kutu; usilipie.

Kabla ya shilingi yoyote, namba ya chesi na ya injini zisomwe kwa macho na kulinganishwa na logibuku, hati ya umiliki wa gari. 504 nyingi zimewahi kubadilishiwa injini, na isipoandikwa NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, ukaguzi utakukwamisha. Uhamisho wa umiliki huanzishwa na muuzaji mwenyewe kupitia akaunti yake ya eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, mnunuzi anakubali. Ikiwa jina kwenye logibuku ni la marehemu, pawepo hati ya mahakama ya usimamizi wa mirathi. Barua ya mjomba haitoshi. Kwa gari hili logibuku ipo na jina ni la anayeuza.

Lisivutwe kwa kamba hadi Mombasa. Kilomita 120 kwa breki zilizokufa na magurudumu yaliyopasuka ubavuni ni kutafuta msiba Kilifi. Likodishiwe lori la kitanda, lifungwe kwenye ekseli, na mlango wa nyuma ufungwe kwa kamba kwa nje, kwa sababu kitasa chake hakishiki.