Soli za kuchongesha kwa fundi viatu Mtwara, kwa sisi tunaopiga vyuma

Nina unyayo bapa tangu utotoni. Nikisimama tu huwezi kugundua, lakini nikibeba chuma mabegani na kuanza kuchuchumaa, uvungu wa unyayo unalala, kifundo kinaelemea ndani na goti linafuata. Jimu yetu ya Shangani kila mtu ananipigia kelele "magoti nje!" Nayasukuma nje kweli, ila huku chini msingi unabonyea. Wengi wanaolalamika goti hawajawahi kuangalia unyayo.

Niseme mapema: soli za ndani za jeli za madukani sizipendekezi kwa kazi hii. Zinamfaa mtu wa kusimama dukani kutwa. Ukibeba kilo 100 zinadidimia na mguu unayumba juu yake. Raba za kukimbilia zenye sponji nene ni hivyo hivyo, kwa sababu zimetengenezwa zimeze kishindo, na mnyanyuaji anataka nguvu yake yote ifike sakafuni. Viatu maalumu vya kunyanyulia, vyenye soli ngumu na kisigino kilichoinuka kama sentimita 2, ni vizuri sana, ila bei yake si ya mfuko wangu na huwezi kuvijaribu kabla ya kuagiza.

Basi nikachukua Converse za mtumba, zile ndefu za kufunga hadi juu ya kifundo, soli yake bapa na ngumu, nikaenda nazo kwa fundi mmoja maeneo ya Chikongola.

"Shikamoo mzee. Nataka soli za ndani za kunyanyulia vyuma."

"Marahaba. Vua tuone mguu."

Akanilowesha nyayo, akanikanyagisha kwenye kipande cha boksi. Nikamwomba tupime tena nikiwa na mzigo, maana mguu mtupu na mguu wenye kilo ni vitu viwili. Duka la jirani wakatuazima mfuko wa saruji wa kilo 50, nikaukumbatia kifuani, nikakanyaga boksi jingine. Alama ya pili ilitoka pana zaidi, na upande wa kushoto boksi lililowa lote, hakuna hata pengo la uvungu. Mzee akazungushia kalamu pembeni, akaziweka alama mbili sambamba, akaziangalia kwa muda.

"Huu wa kushoto unalala zaidi, mwanangu. Nikikuwekea sawasawa nitakuwa nimekula hela yako bure."

Hapo ndipo nilipomwamini. Soli za kiwandani zinakuja jozi, uvungu wa kushoto na wa kulia umeinuliwa sawa.

Soli zenyewe ni za ngozi ngumu, na kinundu cha kushikilia uvungu amekichonga kwa mpira wa tairi, wa kushoto umepanda kidogo kuliko wa kulia. Kisha kuna vipande viwili vya ngozi vya kuinua kisigino, kama sentimita 1, ambavyo naweza kuvitoa. Kazi yote elfu 25, viatu vyangu mwenyewe.

Kwenye skwati, yaani kule kuchuchumaa na chuma mabegani, tofauti ni kubwa. Unyayo unatakiwa ukae kama chungu kwenye mafiga: kisigino, shina la kidole gumba na shina la kidole cha mwisho, vyote vitatu chini. Zamani shina la gumba ndilo lililobeba karibu kila kitu. Sasa nasikia pointi zote tatu, na goti linaenda kule vidole vinakoelekea. Kile kipande cha kisigino kinamsaidia mwenye kifundo kigumu, maana goti linapata nafasi ya kwenda mbele na kifua kinabaki wima. Kwenye dedilifti, yaani kunyanyua chuma kutoka sakafuni, nakitoa. Kuinuka kunaniongezea safari ya chuma na kunanisukumia vidoleni.

Kasoro zipo. Kinundu cha kushoto kilinichoma mwanzoni, nikakirudisha, akakipunguza kwa msasa bila malipo. Na joto letu hili la pwani na jasho vililegeza gundi, ngozi ikaanza kufunguka pembeni.

Soli pia hazifanyi kazi ya misuli. Bado nafanya zoezi la kuvuta shina la gumba kuelekea kisigino bila kukunja vidole, peku, na kunyanyua visigino. Kama unyayo wako ni bapa lakini huumwi na goti linakaa kwenye mstari, huna haja ya kutoa hata shilingi. Na kama mguu mmoja umeanza kulala ukubwani, tena kwa maumivu upande wa ndani wa kifundo, hiyo si ya fundi viatu, nenda hospitali uonane na mtaalamu wa viungo.

Ukienda kuchongesha, nenda jioni mguu ukiwa umetanuka kwa shughuli za kutwa, beba viatu utakavyovaa, dai upimwe ukiwa na mzigo. Na mwambie fundi ashone kabisa, asiishie kwenye gundi.