Uzoefu wangu: seti ya sendofu kutoka kwa fundi wa shanga wa Ujiji

Kidani, hereni na bangili ninavyovieleza hapa niliviagiza kwa ajili ya sendofu ya mdogo wangu, vikavaliwa ukumbini Mwanga, mjini Kigoma, na hadi leo anavivaa katika shughuli nyingine. Kwa hiyo sisifii kitu kilichotoka kwenye bahasha jana. Aliyevitengeneza ni mama anayefanyia kazi sebuleni kwake Ujiji, hana duka wala kibao, na wateja wake wengi humfikia kwa njia iliyonifikisha mimi, yaani kuona hereni kwenye masikio ya mtu na kumuuliza zilikotoka. Kwa ufupi, kazi yake ni nzuri sana na bei yake ni ya haki, ila mtu mwenye haraka atafute kwingine.

Nilikwenda kwake na picha kwenye simu, picha ya kidani cha rangi ya dhahabu chenye mawe ya bluu ambacho bibi harusi mtarajiwa alikuwa amekipenda mtandaoni. Fundi aliitazama kwa makini, akanirudishia simu, kisha akasema, "Mwalimu, hiki kipo Kariakoo, na utakipata kwa bei ndogo kuliko yangu. Mimi niletee kitenge chenyewe." Si jambo la kawaida kukutana na muuzaji anayemwelekeza mteja kwa mwenzake, lakini kadiri kazi ilivyoendelea nilielewa kwamba anachouza hasa ni uamuzi wake juu ya rangi, uzito na urefu, na kwamba picha iliyokamilishwa na mtu mwingine haimwachii cha kuamua. Anayetaka nakala ya kitu alichokiona mahali atafanya vizuri kufuata ushauri wake na kwenda dukani.

Kitenge kilikuwa cha kijani kilichokolea chenye maua ya rangi ya mawese, na sehemu ya kuchagua shanga ndiyo iliyonifanya nimheshimu fundi huyu. Alikitandaza uani kwenye jua, akamwaga juu yake mafungu madogo ya shanga za kioo, zile nyembamba zenye upana wa milimita 2 hivi, akayaondoa mengi na kubakiza matatu. Mimi nilidhani kazi imekwisha. Yeye akaniomba nirudi usiku, kwa sababu sherehe ingekuwa ya usiku na ukumbini hakuna jua. Chini ya balbu ya sebuleni, shanga zilizokuwa zimelingana kabisa na maua ya kitenge mchana ziligeuka kuwa za kahawia, ilhali fungu tulilolipuuza kwa kuwa limepauka kidogo ndilo lililoungana na kitambaa. Alinieleza bila kujivuna kwamba taa haitoi rangi zote kwa kiasi kile kile kinachotolewa na jua, kwa hiyo vitu viwili vinavyofanana mchana vinaweza kuachana usiku. Ndiyo maana, ingawa kazi kubwa ya kutunga anaifanya usiku watoto wakiwa wamelala, rangi huwa hachagui saa hizo isipokuwa kwa pambo litakalovaliwa chini ya taa.

Vitu vingine anavyotumia vinatoka karibu. Pete nyeusi zilizotenganisha shanga kwenye kidani zilikatwa kutoka kwenye gamba gumu la kokwa la chikichi, zikasuguliwa kwa msasa wa daraja la chini hadi ule laini kabisa, kisha zikapakwa mafuta ya mise, yaani yale ya kiini cha kokwa la chikichi, hadi zikatoa mng'ao ambao sikuutarajia kutoka kwenye kitu ambacho watu wengi mkoani kwetu hukitia motoni. Waya wa shaba anaununua kwa fundi wa kusuka mota, yale mabaki ambayo hayatoshi tena kuzungushwa kwenye mashine. Waya huo huja na vanishi, naye huiondoa kwa msasa badala ya kuichoma, kwa sababu kuichoma hutoa moshi mbaya ndani ya nyumba yenye watoto na huiachia shaba madoa. Mezani pake, ambapo kwa kweli ni nusu tu ya meza, maana nusu nyingine ni ya madaftari ya watoto, kuna koleo mbili, moja yenye ncha za mviringo na moja bapa, na sinia la kupepetea lililogawanywa kwa vipande vya boksi. Sikuona kingine cha kutajwa.

Kulabu za hereni ndizo nilizozihofia zaidi, kwa kuwa masikio ya mdogo wangu hutoka vipele akivaa hereni za bei rahisi. Mara nyingi tatizo hilo huletwa na nikeli iliyochanganywa kwenye madini ya kulabu, na ngozi ikishaikataa nikeli haiizoei tena. Fundi alinipa nafasi ya kuchagua kati ya chuma kisichoshika kutu na fedha ya 925, ambayo katika kila sehemu 1,000 ina sehemu 925 za fedha halisi na zilizobaki kwa kawaida ni shaba. Nilichagua fedha kwa ajili ya bibi harusi na chuma kwa ajili ya wasindikizaji, na hakuna aliyelalamika. Kabla ya kunikabidhi, fundi alivaa hereni moja siku nzima akipika na kufua, ili aone kama inanasa kwenye mtandio. Ilinasa, akaikunja upya ncha ya kulabu na kuisugua. Baada ya jaribio hilo aliisafisha kwa spiriti, jambo ambalo sikulazimika kuliuliza.

Sasa kasoro, maana zipo. Bangili ilikatika wiki chache baada ya sherehe. Aliitunga kwa mshipi wa kuvulia, ambao kwa Kigoma ni rahisi kuupata kuliko uzi wowote wa shanga, na kingo za matundu ya zile pete za chikichi ziliukereza taratibu hadi ukaachia. Aliitunga upya bila malipo kwa waya laini wa chuma uliovikwa nailoni, na tangu hapo haijasumbua, lakini kwa maoni yangu waya huo ndio uliofaa kutumika tangu mwanzo. Hereni za wasindikizaji nazo hazikufanana sawasawa: jozi moja ilikuwa ndefu kidogo kuliko nyingine, na kwenye picha ya pamoja anayetafuta tofauti ataiona. Kuhusu muda, kazi ilichelewa kupita tarehe tuliyokubaliana kwa sababu mtoto wake aliugua, na simu yake haikupokewa kwa siku mbili. Ninaielewa sababu hiyo, ila mtu mwenye sherehe mbele yake hahitaji kuielewa, anahitaji ujumbe mfupi tu.

Bei ya seti ilikuwa shilingi 75,000, na kila jozi ya wasindikizaji shilingi 7,000, nusu ikitumwa kwa simu kabla ya kazi kuanza. Ndugu zangu wengine waliona ni ghali kwa "shanga tu". Nawakumbusha kwamba katika karne ya 19, wakati misafara ilipokuwa ikiingia Ujiji, shanga ndizo zilizokuwa fedha ya soko hili, na huenda wakati ule ningemlipa fundi kwa bidhaa yake mwenyewe na tusiulizane bei.

Shaba hupoteza mng'ao, na hilo si udanganyifu wa fundi, ni tabia ya madini yenyewe yanapokutana na jasho na hewa yenye unyevu. Sisi tunaisugua kwa ndimu na chumvi kidogo, tunaisuuza vizuri na kuikausha kabisa, tukiangalia ndimu isifike kwenye magamba ya chikichi, ambayo hupauka na kuhitaji mafuta tena. Bahasha ya kaki aliyotupatia haifai kwa kuhifadhi. Vifuko vidogo vya nailoni vinavyofungika mdomo vinafaa zaidi.

Kwa anayefikiria kuagiza, aende miezi miwili kabla ya shughuli, apeleke kipande cha kitambaa badala ya picha, aseme kama sherehe ni ya mchana au ya usiku, na atamke wazi kwamba bangili hataki itungwe kwa mshipi. Mimi nimeshatuma nusu ya fedha ya kikuku changu, na tarehe aliyonipa nimeiongezea wiki moja.