Briji ya gitaa la besi: ipi ununue kwanza

Briji ni kile chuma cha mwilini mwa gitaa kinachoshika nyuzi. Pima nyuzi zikiwa bado zimekaza: kutoka katikati ya uzi wa E (mnene kuliko wote) hadi katikati ya uzi wa G (mwembamba kuliko wote), pale pale kwenye briji. Besi nyingi za Fender za nyuzi nne hutoa takriban milimita 57, yaani 19 kati ya uzi na uzi. Kisha hesabu skrubu zinazoshika bamba la briji mwilini. Zikiwa tano kwenye mstari mmoja, una uwanja mpana wa kuchagua.

Chaguo la kwanza ni bamba nene la skrubu tano, kama Gotoh 201 au Fender HiMass. Huingia kwenye matundu yale yale, na sadeli (vile vipande vinavyobeba nyuzi) hukaa ndani ya mifereji, kwa hiyo hazitelezi pembeni unapopiga slepu (kuchapa nyuzi kwa kidole gumba). Uzito wake pia husaidia gitaa ambalo kichwa chake huinamia sakafuni. Angalia jambo moja: bamba nene huinua nyuzi. Kama sadeli zako za sasa tayari zimeshuka hadi mwisho, utalazimika kuweka kipande chembamba chini ya shingo, pale inapoungana na mwili. Usitegemee sauti mpya kabisa. Nyuzi mpya huleta tofauti kubwa zaidi.

La pili ni bamba jembamba lililokunjwa, la asili. Ni jepesi, rahisi, na linatosha. Pwani, chumvi ya hewani hula kwanza skrubu ndogo za kupandisha sadeli; hizo pamoja na sadeli huuzwa peke yake, huna haja ya briji nzima.

La tatu ni Schaller 3D, ambayo magurudumu yake husogeza kila uzi kushoto na kulia. Inunue kama uzi wa G unachomoka ukingoni mwa shingo.

Badass II naiweka mwisho kwa anayefunga mwenyewe, maana sadeli zake huhitaji kuchongwa mifereji kwa tupa, na ukikosea umeharibu. Wenye Gibson ambayo briji yake hushikwa na nguzo tatu watafute Hipshot SuperTone.

Unapofunga, waya wa ethi ulio chini ya briji lazima uguse chuma kitupu, la sivyo spika itavuma. Tundu lililolegea lijaze vijiti vya meno na gundi ya mbao, uache likauke usiku kucha.

Weka kimo cha nyuzi kwanza: juu ya freti (vile vyuma vya shingoni) ya 17, karibu milimita 2.4 kwa E na 2 kwa G. Ndipo ulinganishe, kwenye freti ya 12, sauti ya kugusa (kidole kikigusa uzi kidogo tu bila kuubonyeza) na ya kubonyeza. Ya kubonyeza ikiwa juu, legeza uzi, rudisha sadeli nyuma. Sadeli ya E ikigoma kurudi, mara nyingi ni springi yake iliyobanwa hadi mwisho. Kata mizunguko miwili mitatu.