TAHADHARI: Anayeuza Game Boy "zilizofufuliwa" anatuuzia mbuzi kwenye gunia

Wakuu mnaofufua mashine za gemu za mkononi, someni hii kabla hamjatuma hela kwa mtu yeyote.

Kuna muuzaji anazunguka mitandaoni akitangaza Game Boy, Game Boy Advance SP, PSP na Game Gear. Anadai zote zimekarabatiwa kitaalamu, kila kitu orijino, skrini safi, betri mpya. Jina simtaji, kwa sababu akaunti yake ikianza kupata malalamiko anaifuta na kufungua nyingine, na jina la leo kesho halitakusaidia kumtambua. Kitakachokusaidia ni namna anavyofanya kazi, maana hiyo haibadiliki: picha nzuri mno za nje, hakuna hata moja ya ndani, na ukimwomba picha ya bodi anakwambia mashine imeshapigwa sili ya warantii kwa hiyo haifunguliki tena. Mtu aliyekarabati mashine kweli ameshaifungua mwenyewe. Wenzetu wengi kwenye hobi hii wana picha za bodi kabla na baada ya kazi, na wanakuonyesha hata hujaomba, kwa sababu ndiyo fahari yao.

Kwake niliagiza SP moja na Game Boy ya kwanza kabisa, ile nene ya kijivu iliyotoka 1989. Acha nieleze nilichokikuta nilipozifungua.

Tuanze na SP. Mnaozijua mnajua ziko za aina mbili. AGS-001 ilitoka 2003, taa yake inamulika skrini kwa mbele na picha inaonekana imepauka. AGS-101 ilifuata 2005, taa iko nyuma ya skrini na rangi zinawaka kweli. Ndiyo maana 101 inatafutwa zaidi na bei yake iko juu, na huyu bwana anakula hiyo tofauti ya bei. Anachukua 001, anaivisha kasha jipya la spea, halafu anabandika nyuma lebo iliyochapwa AGS-101. Lebo ya mashine yangu ilikuwa imeanza kunyanyuka pembeni, na nilipoipitishia pamba yenye spiriti wino ukatoka. Ndani, bodi ilikuwa imeandikwa wazi kabisa AGS-CPU. Bodi ya 101 huandikwa AGT-CPU.

Habari njema ni kwamba hili unaweza kuligundua bila kushika bisibisi. Washa mashine, bonyeza kitufe cha taa kilicho katikati, chini ya bawaba. Kwenye 001 taa inazimika kabisa. Kwenye 101 haizimiki, inahama tu kati ya mwanga wa kawaida na mwanga mkali. Kwa hiyo mwambie muuzaji akurekodie video moja isiyokatwa: aanze na lebo ya nyuma, awashe, gemu ianze kucheza, abonyeze kitufe hicho mara kadhaa. Angalia pia skrini ikiwa imezimwa. Ya 101 ni nyeusi, ya 001 ina ukijivu. Kama mtu kaweka skrini ya kisasa ya IPS, hakuna ubaya, wengi tunaziweka na zinapendeza. Lakini aseme ni IPS. Kuiita "101 orijino" ni wizi.

Game Boy ndiyo iliyoniuma zaidi, kwa sababu mashine ile ilikuwa inaokoleka. Kwenye picha za tangazo chumba cha betri kilikuwa kinang'aa, springi mpya, hakuna hata doa. Nilipoifungua, upande wa bodi unaopokea umeme wa betri ulikuwa umepakwa kitu kinachofanana na rangi ya kucha isiyo na rangi, tabaka nene lenye mapovu madogo. Nikaikwangua taratibu. Chini yake kulikuwa na ukijani mtupu, njia za shaba zimeliwa, na moja ilikuwa imekatika kabisa pale inapoingia kwenye tundu la bodi.

Kwa wageni wa hobi hii: betri za alkali zikikaa muda mrefu ndani ya mashine huvuja. Kinachotoka ni potasiamu hidroksaidi, na hicho hakiishii kwenye springi. Kinapenya chini ya rangi ya kijani ya bodi na kuendelea kuila shaba. Dawa yake inajulikana na haina gharama. Unapaka siki kidogo ili kuua ile alkali, unasugua kwa mswaki laini, unasafisha kwa spiriti ya isopropili, unakausha, kisha unapima kila njia kwa multimita. Iliyokatika unairukia kwa waya mwembamba na kulehemu. Ni kazi ya jioni moja. Yeye badala ya kusafisha akafunika, akaufungia uchafu ndani, na mashine ikawaka kwa muda aliouhitaji kupiga picha. Bodi kama hiyo inaendelea kuoza ukiwa umeiweka kabatini.

Kwa hiyo kwa Game Boy yoyote, na hasa zile za 1989, omba picha ya bodi pande zote mbili kwenye mwanga wa mchana. Rangi ya kulehemu ikiwa nyeupe iliyofifia au ya kijani, au eneo moja likiwa linang'aa kuliko bodi nzima, uliza maswali. Omba pia video ya skrini ikionyesha gemu lenye vitu vingi, siyo nembo ya kuanzia tu, maana mistari ya wima iliyopotea ni ugonjwa wa kawaida wa skrini zile. Unatibika kwa kupasha moto ukingo wa kebo bapa, lakini anayeuza akijiita fundi alipaswa awe ameshautibu.

Halafu kuna katriji (vikasha vya gemu vinavyochomekwa kwenye mashine) anazotoa kama "zawadi" ili kuipandisha bei. Zote nilizopata ni feki. Za GBA (Game Boy Advance), tazama chini zinapoingilia: juu ya meno ya dhahabu bodi orijino huwa na neno Nintendo. Lebo ya mbele huwa na tarakimu mbili zilizogandamizwa kwenye karatasi, unaziona ukiinamisha katriji kwenye mwanga. Kwa Pokémon kuna kipimo kingine. Ruby, Sapphire na Emerald zina betri ya CR1616 kwa ajili ya saa ya ndani ya gemu, lakini kumbukumbu ya mchezo wako haiitegemei. FireRed na LeafGreen hazina betri kabisa. Ukifungua FireRed ukakuta betri, hiyo siyo yenyewe, na siku betri ikifa huenda ukapoteza mchezo wako wote.

Kwenye betri za mashine zenyewe naomba tusikilizane vizuri, kwa sababu hapa mtu anaweza kuunguza nyumba. Ya SP ni AGS-003, miliampia-saa 600 (kipimo cha umeme ambao betri inahifadhi). Ya PSP-1000 ni 1800, ya PSP-2000 na 3000 ni 1200. Huyu bwana anaweka kwenye PSP betri zilizoandikwa 3600 na ukubwa ni ule ule. Uwezo kama huo hauenei ndani ya umbo lile. Namba imechapwa tu, na aliyedanganya kwenye namba huna sababu ya kumwamini kwenye sakiti ya ulinzi iliyomo ndani. PSP ikikufikia, kabla hujaichaji, toa kifuniko cha nyuma na uilaze betri juu ya meza iliyo bapa. Ikicheza au kuyumba, imevimba. Usiichaji, usiitoboe, usiirudishe kwa posta. Iweke mbali na vitu vinavyoshika moto hadi uifikishe wanapopokea taka za elektroniki.

Kwenye Game Gear anaandika "kapasita zote mpya", yaani vile vipande vidogo vya bodi vinavyohifadhi umeme na ambavyo huvuja vikizeeka. Mashine ile ina bodi tatu: kuu, ya umeme na ya sauti. Anabadilisha za bodi ya sauti, kwa kuwa mnunuzi husikia sauti kwanza, na nyingine anaziacha zikivuja. Dai picha za zote tatu.

Malipo: mkishaelewana bei anakuhamisha. Anakuomba mmalizane pembeni, ulipe kwa njia ya kutumiana hela na ndugu na marafiki badala ya ile ya manunuzi, atakupunguzia kidogo. Ukikubali, ulinzi wa mnunuzi umeondoka na hakuna wa kumlalamikia. Punguzo lake halifiki hata karibu na hasara yako. Picha zake nyingine ni za watu, zitafute kwa utafutaji wa picha utaziona zilikotoka. Mwambie akupigie picha mashine ile ile ikiwa pembeni ya karatasi yenye tarehe na neno utakalolichagua wewe. Mimi nilimwomba hivyo nikiwa kwenye akaunti nyingine, akanizuia papo hapo.

Kama mzigo wake umeshakufikia, usianze kuitengeneza hata kama unajua. Ukishagusa bodi atasema umeiharibu wewe. Rekodi video toka unapokata gundi ya boksi, piga picha namba ya nyuma, lebo na bodi, hifadhi tangazo lake lote na mazungumzo kabla hajafuta. Kisha fungua malalamiko mara moja, kwa sababu atakuambia subiri, ninakutumia spea, subiri wiki ijayo, mpaka muda wa kudai uishe. Usimjibu kwa simu. Mjibu kwa maandishi tu, ndani ya mfumo ule ule ulionunulia.