Maktaba Mpya, au Kufufua Zilizopo Nairobi?
Vijana wa Nairobi wanaojadili fedha za maktaba wana njia mbili. Jengo jipya hupangwa tangu msingi, likawa na soketi kila meza na njia ya viti vya magurudumu, ila fedha nyingi humezwa na kiwanja na zege kabla kitabu kimoja hakijanunuliwa. Kukarabati matawi ya Kaloleni na Makadara, yaliyo chini ya Maktaba ya McMillan iliyofunguliwa mwaka 1931 (ambamo Waafrika walizuiwa kuingia enzi za ukoloni), kunamfikia msomaji anapoishi, yule mwanafunzi anayelala chumba kimoja na wadogo zake na kutafuta kiti kimoja tu penye utulivu. Naunga mkono ukarabati, mradi mishahara ya wakutubi na fedha za vitabu vya Kiswahili zitengwe kila mwaka.