Nimesoma mahujaji wa Canterbury kwa lugha yao wenyewe: uzoefu wangu

Nakala yangu ya The Canterbury Tales, hadithi zinazosimuliwa na mahujaji walio njiani kwenda Canterbury, Uingereza, ni ya mtumba, jalada jepesi, na ilinifikia Mombasa ikiwa na jina la mwenyewe wa zamani limefutwa kwa kalamu nyekundu. Niliiagiza baada ya kukinaishwa na toleo la Kiingereza cha leo nililopakua kwenye simu. Lile la simu lilisomeka kama taarifa ya polisi: fulani kasema hivi, fulani kafanya vile, basi. Nikawa najiuliza huyu mtunzi wake, Geoffrey Chaucer, aliyefariki mwaka 1400, amesifiwa kwa lipi miaka yote hii. Hiki cha pili kimeyaacha maneno yake kama yalivyo, na maana ya yale magumu imewekwa chini ya ukurasa huohuo.

Jioni ya kwanza nilikwama mstari wa kwanza: "Whan that Aprill with his shoures soote". Nilikuwa nausoma kwa matamshi niliyofundishwa shuleni. Kumbe mwanzoni mwa kitabu kuna kurasa tatu za matamshi ambazo niliziruka kwa kiherehere. Zinaeleza kwamba katika karne ya 14 irabu za Kiingereza zilikuwa bado hazijahama, kwa hiyo a ni a, i ni i. "Shoures" ni shu-res. "Soote" ni so-te. "Name" ni na-me, ile e ya mwisho ikiguswa kidogo tu. "Knight" inatamkwa na k yake, na ile gh ni kh ya sabalkheri. Jamani, hii ni zawadi kwetu! Mswahili akisoma herufi kama alivyozoea kuzisoma, anamkaribia Chaucer kuliko anayejitahidi kuiga watangazaji wa London. Nikaanza kusoma kwa sauti, mama yangu akauliza kutoka jikoni, "Mwanangu, hicho ni Kijerumani?"

Ukisoma hivyo ndipo ushairi unapojitokeza. Hesabu mizani za mstari ule: ni kumi. Mstari wa pili unaishia "roote", na vina vinakubaliana, so-te na ro-te, mistari inakwenda miwilimiwili. Kwenye toleo la simu vina hivi vyote vimemwagwa. Ni kama mtu akueleze utenzi kwa mazungumzo ya kawaida, halafu ashangae kwa nini hukutikisa kichwa.

Maelezo ya chini ya ukurasa yanasaidia sana, hasa kwenye vitu vidogo. Yupo mpishi katika msafara, ana kidonda kibichi kwenye muundi, na sifa yake kubwa ni chakula kiitwacho "blankmanger". Nilidhani ni kitindamlo. Maelezo yakaniambia ni kuku aliyechambuliwa, wali, tui la lozi na sukari. Nikaona njaa, kisha nikakumbuka kile kidonda, njaa ikakata. Nadhani Chaucer alikusudia hivyohivyo. Muuza misamaha ya dhambi naye amebeba chupa ya mifupa ya nguruwe, anawaambia wanakijiji ni masalia matakatifu. Hapo sikuhitaji maelezo ya mtu yeyote.

Lawama yangu kubwa ni utangulizi wa mhariri. Kurasa thelathini na kitu, karibu zote zinabishana kuhusu mpangilio wa hadithi: ziko 24, nyingine hazikumalizika, na miswada iliyonakiliwa kwa mkono haikubaliani ipi itangulie. Ni mjadala halali, lakini msomaji wa mbali kama mimi alihitaji kwanza kuambiwa watu hawa walikuwa wametoka katika balaa gani. Tauni iliingia Uingereza mwaka 1348, Chaucer akiwa mtoto, ikafagia theluthi ya watu au zaidi. Waliobaki wakawa adimu shambani, wakadai ujira mkubwa. Serikali ikatunga sheria mwaka 1351 kuurudisha ujira ulikokuwa kabla ya tauni. Kisha ikaja kodi ya kichwa, na ile ya tatu ilikuwa peni 12 kwa kichwa. Juni 1381 wakulima wakaandamana hadi London, wakamuua hata askofu mkuu wa Canterbury.

Chaucer wakati huo alikuwa mkaguzi wa ushuru wa sufu bandarini, na alipangishwa nyumba juu ya lango la Aldgate, lango ambalo waasi kutoka Essex walilipitia. Unatarajia aandike kitabu kizima juu ya jambo hilo. Hakuandika. Katika hadithi ya jogoo aliyebebwa na mbweha, kijiji kizima kinamkimbiza mbweha kwa makelele, naye Chaucer anasema hata Jack Straw, mmoja wa viongozi wa waasi, na genge lake walipowaua Waflemi, wageni kutoka Flanders, hawakupiga kelele nusu ya hizo. Mistari mitatu, imekwisha, tunarudi kwa kuku. Nilisoma mara nne. Mtu aliyekuwa akila mshahara wa mfalme alijua mahali pa kunyamaza. Kitabu changu kimeandika hapo "uasi wa 1381" na kuendelea na safari, bila kutaja Aldgate. Hilo nilijitafutia mwenyewe.

Hata hadithi ya wale vijana watatu walevi wanaotoka kumtafuta Mauti wamuue haina uzito kama hujui tauni. Mtoto anawaambia mwizi huyo ameshaua watu elfu katika maradhi haya. Msomaji wa enzi ile hakuhitaji kuelezwa ni maradhi gani.

Mengine ni madogo. Herufi ni ndogo mno, usiku bila miwani usijaribu. Mhariri ni mwoga: mambo ya chumbani yakifika anaandika "neno la matusi" bila kusema ni lipi wala maana yake, ilhali Chaucer mwenyewe hakuona haya. Hadithi ya kasisi wa parokia mwishoni si hadithi, ni mawaidha marefu ya nathari kuhusu toba. Niliisoma nusu, nikaona inatosha. Na muuzaji aliniandikia kwamba gundi ya mgongo ni imara. Haikuwa imara.

Kwa anayeanza, ningesema aanze na utangulizi wa mahujaji wenyewe, pale kwenye nyumba ya wageni ya Tabard huko Southwark, kisha aende kwa Mke wa Bath aliyeolewa mara tano na ana jibu kwa kila sheikh na kila padri. Nakipa nyota nne. Nyota moja nimeikata kwa utangulizi na gundi.

Kurasa zilizobanduka ni zile za hadithi ya msaga unga, ile chafu kuliko zote. Mpwa wangu anayesoma chuo aliziazima, peke yake bila kitabu, akasema ni za kujisomea kwa ajili ya mtihani. Yeye anasomea uhasibu. Bado hajazirudisha.